Uliza Fundi: Njano ikae wapi, nyeusi ikae wapi

Tarehe 9 Desemba inanukia, na barua zenu zimehama kutoka kwenye zipu zilizokatika na kola zilizopauka. Mwezi huu karibu zote ni za nguo za sikukuu za taifa: Uhuru, Mapinduzi, Muungano, na binti mmoja wa Mombasa kaniletea Jamhuri ya Kenya. Sitafuata nani alitangulia kuandika, nitafuata uzito wa swali.

Ila kabla sijaanza, hakuna hata mmoja aliyenitajia vipimo. Mmeandika "mimi bonge", "mimi kimbaumbau", "mimi nimekaa kaa tu". Bonge si kipimo. Chukua futi, mwombe mtu akupime mabega, kifua, chini ya kifua, kiuno, tumbo pale lilipojaa zaidi, na nyonga. Kisha ukae kitini upimwe nyonga tena, kwa sababu ukikaa zinatanuka, na sikukuu ya taifa ni ya kukaa. Hotuba ni ndefu na viti ni vya plastiki.

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA cha akina mama, tuko 22. Tumenunua kitenge kimoja cha kijani, njano na nyeusi kwa ajili ya sherehe ya Uhuru. Mwenyekiti katuma kwenye grupu picha ya gauni la shepu ya samaki, limebana mpaka magotini, na anataka wote tushone hivyo. Wembamba wamefurahi, wanene tumenuna, mmoja kasema anajitoa. Tufanyeje? – Katibu, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo ndugu mwambie asijitoe. Na mwenyekiti mwambie kwa heshima kwamba yule dada wa kwenye picha amesimama. Hajapanda daladala ya Mbagala na hilo gauni. Samaki akibana mpaka magotini, hatua inakuwa nusu, ngazi ya gari inakuwa mlima, na ukikaa, mshono wa nyuma ndio unaobeba mzigo wote. Kila baada ya Uhuru naletewa magauni ya namna hiyo kurekebisha, na yote yamepasuka palepale.

Sare ni kitambaa. Shono si lazima liwe moja. Jicho la anayewatazama, na kamera pia, vinashika vitu vinne: shingo, mikono, pindo la chini na kilemba. Hivyo vinne vikifanana kwa wote 22, hapo katikati kila mtu ashone kinachomfaa na mtaonekana mmetoka nyumba moja.

Pindo ndilo linaloharibu sare nyingi. Mafundi wengi wanapima urefu kutoka begani, inchi 45 kwa kila mtu, basi mrefu linamwishia katikati ya ugoko na mfupi linamgusa vifundo. Pimeni kutoka sakafuni kwenda juu. Kila mtu avae viatu atakavyovaa siku ile, fundi asimamishe rula chini, na pindo la kila mmoja liishie inchi 10 kutoka ardhini. Mwenye makalio yaliyojaa aongezewe kama inchi moja na nusu kwa nyuma, maana kitambaa kinapanda kwanza kabla ya kushuka. Bila nyongeza hiyo gauni linakuwa refu mbele, fupi nyuma, na yeye hajui. Wanaojua ni waliokaa nyuma yake.

Sasa hapo katikati. Wenye kiuno kinachoonekana, wanene kwa wembamba, wakatiwe gauni la vipande: mishono mirefu inayoanzia begani, ikapita juu ya kifua, ikashuka mpaka chini, mbele na nyuma. Kwa miili yetu silijui shono zuri kuliko hilo, kwa sababu fundi anaweza kupunguza kipande kimoja bila kugusa kingine. Wenye tumbo na wale ambao kiuno kimeshaaga, gauni likatwe chini ya kifua kisha litanuke polepole, na wasifunge mkanda hata wakishawishiwa. Hao wembamba waliomshangilia samaki wapeni blauzi yenye peplamu, lile rinda fupi la kiunoni, na sketi ya kunyooka yenye mpasuo nyuma. Watapata nyonga ambazo hawakuzaliwa nazo, na daladala watapanda.

Kuna la picha za kitenge, nalo hapo mafundi wanawaibia. Fundi mwenye haraka anakunja kitambaa, anaweka karatasi ya kipimo, anakata. Matokeo yake maua mawili makubwa yanaangukia juu ya matiti kama taa za lori, au moja linakaa katikati ya makalio. Simama mezani kwake siku ya kukata. Mwambie atandaze kitenge kikiwa wazi, atafute katikati ya ua au feni au ndege, chochote kilichochorwa, na hiyo katikati aipeleke juu ya mstari wa katikati ya kifua, chini ya shingo. Ua moja hapo linavuta macho kwenda usoni. Kazi hii inakula kitambaa zaidi, kwa hiyo msigawane kitenge sawasawa kwa ajili ya haki. Kwa gauni la urefu huo mwembamba anatoka na yadi 3, mnene mpeni 4.

Na huo uvumi kwamba mnene avae vidoti vidogo vidogo, achaneni nao. Vidoti vidogo kwenye mwili mkubwa vinahesabika, na kila anayevihesabu anaupima mwili wako. Picha ya wastani, ukubwa wa kiganja, ndiyo inayompendeza.

La mwisho kwenu ni rangi. Kijani na njano vikitawala, hapa kwetu hiyo si nchi tena, ni chama, mtaulizwa kadi. Wazee watasema kijani, njano na nyeusi ndiyo bendera ya Tanganyika iliyopandishwa 1961, na bluu ilikuja na Zanzibar 1964. Kweli kabisa. Lakini nani atasimama kituoni kuwaeleza vijana wa bodaboda historia hiyo? Vaeni vilemba vya bluu, yaishe.

SWALI: Mama Fundi shikamoo. Mimi ni mwalimu. Juu ni mdogo, mabega membamba, kifua kidogo, lakini nyonga na mapaja nimejaaliwa. Nikivaa gauni, likinitosha chini linapwaya juu. Nimeshanunua kitenge chenye miduara mikubwa ya njano kwa ajili ya Muungano, shule yetu itashiriki sherehe. Nishone nini? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba Mwalimu. Umeandika mapema, Mungu akubariki. Wewe acha gauni, shona vipande viwili, juu na chini, na hayo ya kupwaya utayasahau.

Shika hili moja: njano iweke unapotaka watu watazame, nyeusi iweke unapotaka wapite. Miduara yako ya njano ikae juu. Shona blauzi ya hicho kitenge, shingo pana ya kuelekea mabegani, mikono mifupi iliyojazwa marinda begani. Mabega yakipanuka, nyonga zinapata mwenzake na mwili unalingana. Fundi aweke bitana kifuani, hata nyepesi, ili blauzi isilale. Blauzi iishie juu ya mfupa wa nyonga. Ikiishia pale nyonga zilipojaa zaidi, umejipigia mstari mwenyewe.

Sketi iwe ya kitambaa kisicho na picha, nyeusi au kijani kilichokolea, ya vipande sita, inashuka nyonga bila kung'ang'ania kisha inafunguka kidogo. Marinda ya kiunoni usiyaguse, yanaongeza pale ulipo na akiba ya kutosha. Mifuko ya ubavuni pia, wacha. Najua walimu mnapenda mifuko ya chaki, lakini mfuko wa ubavuni ukikaa unafunguka mdomo.

26 Aprili ni katikati ya masika. Sketi ya kufagia itarudi nyumbani na matope ya uwanja mzima, kwa hiyo ikome katikati ya ugoko. Na hicho kitenge usikikate kabla ya maji. Kiloweke usiku kucha kwenye maji baridi yenye chumvi, kianikwe kivulini, kipigwe pasi, ndipo kiende kwa fundi. Kitenge cha pamba kinarudi kidogo, na kikirudi baada ya kushonwa, ni mshono wako wa kwapani utakaolia. Njano yako nayo ikiwa inachuja, heri uijue ikiwa kwenye beseni kuliko ikiwa mwilini mvua inanyesha.

SWALI: Mama, mimi ni mwanamume wa miaka 52, nina kitambi, sikifichi. Mke wangu anataka nivae shati la kitenge linalofanana na gauni lake siku ya Uhuru. Mimi nataka kaunda suti. Kaunda suti niliyonayo vifungo vya tumboni havifungi. – Baba J, Dodoma

JIBU: Baba J, karibu. Wanaume huwa hamniandikii, mnatuma wake zenu.

Kaunda suti ni vazi lililokusudiwa watu kama wewe, ikishonwa na anayejua. Shida ni kwamba mafundi wengi wakimwona mwenye kitambi wanakata koti lote kubwa. Matokeo tumbo linatosha, mabega yanaanguka, na mwenye suti anafanana na mtu aliyeazima. Koti likatwe kwa kufuata mabega yako na kifua chako, kisha upana uongezwe mbele tu, kuanzia chini ya kifua. Mgongo ubaki ulivyo. Urefu ufunike zipu yote na uishie pale kiganja kinapoanzia mkono ukiwa umening'inia. Mifuko ya chini iwe ya kulala bapa, na usiweke kitu humo. Simu, funguo na pochi mpe mke, leo abebe yeye.

Unapojaribisha, funga vifungo vyote kisha ukae. Kitambaa kikijikunja kama msalaba kuzunguka kifungo cha tumboni, hakijatosha, hata fundi akiapa. Suruali yenyewe ndiyo siri ambayo wanaume hamuulizi: mwenye kitambi anahitaji urefu zaidi kwa mbele, kutoka msambani hadi kiunoni. Bila hapo suruali inateleza chini ya tumbo, na ikiteleza, tumbo linakuja mbele zaidi. Rangi bluu iliyokolea au kijani cha jeshi, kitambaa kisichong'aa. Mng'ao na tumbo havipatani.

Wakenya wanaonisoma msinicheke. Spika wa Bunge lenu, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku kaunda suti bungeni Novemba 2023, wakati Rais Ruto alikuwa ameshaanza kuipendezesha mjini. Dodoma kwetu bado inaheshimika.

Na mama watoto usimnyime. Chukua kipande cha kitenge chake, fundi akitumie kwa ndani ya kola na kama ukanda mwembamba kwenye mfuko wa kifuani. Mtalingana bila wewe kufunikwa na ndege wakubwa kuanzia shingoni hadi tumboni. Akikazania shati, basi fundi alinganishe picha za kitenge kwenye mstari wa vifungo, kushoto na kulia zikutane. Lisichomekwe, na pindo lake liwe la kunyooka lenye mipasuo midogo ubavuni.

SWALI: Assalam alaykum Bi Fundi. Nipo Unguja. Mwili wangu wote umehamia tumboni na kifuani, miguu myembamba. Najisitiri, navaa dera kila siku lakini Mapinduzi nataka nionekane nimevaa. Mume wangu anasema dera ndilo linalonifaa, nisijisumbue. – Bi Mkubwa Mdogo, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Mumeo anapenda raha yako na hana kosa, lakini dera na Januari hawaelewani. Upepo wa kaskazi ukivuma, kile kitambaa chepesi kinalala chote juu ya tumbo na kukuchora kuliko gauni la kubana. Dera ni la ndani na la jioni.

Wewe vaa tabaka mbili. Ndani gauni refu la rangi moja, nyeusi au bluu iliyokolea, limekatwa chini ya kifua, limeanguka moja kwa moja. Kitambaa kiwe na uzito kidogo, krepu nzuri inatosha, ili upepo usikichezee. Juu yake koti refu lisilofungwa, wazi mbele, liishie magotini au chini zaidi. Sehemu ile iliyo wazi katikati inafanya mstari mrefu mwembamba kutoka shingoni hadi miguuni, na mtu anayekuangalia anaupima huo mstari, tumbo limebaki pembeni kivulini.

Hilo koti shona kwa kanga. Doti moja ina vipande viwili, na kila kipande kina pindo pande zote nne. Mwambie fundi akate pindo lisimame wima kwenye kingo mbili za mbele, kushoto na kulia, kama reli za mlango. Mji wa kanga, ile sehemu ya katikati, ukae mgongoni. Jina la kanga litazame fundi analiweka wapi! Niliwahi kumwona mama wa watu katika hafla ya heshima, kanga imeshonwa vizuri, maneno ya kumsuta jirani yamekaa sawia juu ya makalio, na waheshimiwa safu ya pili hawakusikia hotuba. Jina likae chini karibu na pindo la nyuma, au chagua kanga yenye jina la dua.

Rangi, Mapinduzi hayahitaji njano. Bendera ya Zanzibar inayopepea tangu 2005 ni bluu, nyeusi na kijani, na ile ya taifa imewekwa ndogo pembeni. Rangi zote tatu zinakupenda. Mtandio uwe wa kijani angavu, uufunge ukizunguka uso vizuri, mwisho mmoja uuachie ushuke mbele. Na kwa vile miguu unayo myembamba, viatu viwe na kisigino cha wastani kinene. Kisigino cha sindano chini ya mwili wa juu mzito kinaonekana kinateseka, na kweli kinateseka.

Yaliyobaki nayapitia haraka, nafasi inaisha.

Binti mrefu mwembamba, Mombasa, anayetafuta shepu kwa ajili ya Jamhuri: wewe ndiye mwenye ruhusa ya kila nilichowakataza wenzako. Marinda mengi kiunoni, mkanda mpana, mifuko ya ubavuni, peplamu. Sketi ya mwamvuli kamili mpaka vifundoni inameza karibu yadi 5 za kitenge, na mwili wako unaibeba. Iwe nyekundu, juu blauzi nyeupe, mkanda mweusi, na kijani kidogo shingoni. Leso usiikate, ifunge begani.

Dada wa futi 4 na inchi 11, Tabora: rangi moja kutoka juu hadi chini, mkato wa kiuno upandishwe inchi mbili, kilemba kisiwe kikubwa. Kilemba kikubwa kwa mfupi hakiongezi urefu, kinauhesabu.

Mjamzito ambaye tarehe 9 Desemba atakuwa na miezi saba: usishone leo kwa vipimo vya leo. Shona gauni la kupishana linalofungwa kwa kamba ubavuni, juu ya tumbo. Utalivaa Uhuru, na mtoto akija utalivaa kumnyonyeshea.

Kijana anayetaka koti la bendera ya taifa yenyewe: hapana. Bendera ni nembo ya taifa, ina sheria yake, haikatwi kuwa koti. Nunua vitambaa vya rangi zake, fundi aviunganishe.

Mama wa Tegeta anayeuliza kwa nini mafundi ni waongo, kila sikukuu "njoo kesho": kwa sababu mnakuja wote wiki moja, na sisi tunaogopa kuwarudisha. Mtajie fundi tarehe iliyo mbele kwa wiki nzima kuliko sikukuu yenyewe. Mlipe nusu, nusu nyingine ibaki mkononi mwako. Omba kujaribisha nguo ikiwa imeshikizwa tu kwa uzi, kabla hajapiga mshono wa mwisho, na umwambie aache akiba ya inchi moja na nusu kila ubavu, asiikate hata akisema inaharibu umbo. Mimi mwenyewe nafunga kupokea vitambaa vya Uhuru tarehe 20 Novemba. Ukija tarehe 21 na soda ya baridi, soda nitakunywa.